MOTA YA PAMPU INAUNGUA KILA MSIMU? ANGALIA MAMBO HAYA MATATU UNAPOIFUNGA



Kiangazi kimeingia, na simu nyingi ninazopokea siku hizi si za viwavi wala ukungu. Ni za mota. "Bwana shamba, mota imeungua tena." Zamani nilikuwa najibu kama wengi wetu: mpelekeeni fundi aisuke. Nilibadilika baada ya kuona mota moja ikiungua mara mbili, na katikati ikaua beringi, ndani ya msimu mmoja kwenye shamba moja la nyanya. Sehemu ya kosa ilikuwa yangu, ndiyo maana naiandika hapa.

Kilikuwa kikundi cha vijana watano upande wa Kilolo, Iringa. Walikuwa na mota ya umeme wa njia tatu, kilowati 7.5 (ndiyo ile mafundi wanaita hosipawa 10), imeshikana na pampu kwa kapulingi. Msimu wa kwanza walipandisha maji kwenye tenki lililo kilimani, mwinuko wa kama mita 30. Haikuwasumbua hata siku moja. Msimu wa pili wakakodi ekari mbili bondeni karibu na mto, wakaniomba ushauri. Nikawaambia huku chini ni rahisi, pampu itapumzika, haina mlima wa kupanda. Wakahamisha. Maji yakatoka kwa wingi mpaka tukapongezana. Siku ya nne mota ikaungua.

Ikasukwa, ikarudi, ikafungwa haraka haraka kwa sababu nyanya zilikuwa kwenye maua. Baada ya wiki mbili raba za kapulingi zikawa zimesagika na beringi inalia. Ikatengenezwa. Kisha kwa kuogopa wezi wakaijengea boksi la bati lenye kufuli. Mwezi haukuisha, ikaungua tena. Kila mkulima wa nyanya anajua maana yake: ukikosa maji wakati wa maua halafu ukaja kumwagilia kwa fujo, unavuna maua yaliyodondoka na matunda yaliyooza kitako. Hela ya kusuka mota ilikuwa ndogo ukilinganisha na nyanya zilizopotea.

Matatizo yale matatu yalikuwa na sababu tatu tofauti: mzigo, kunyoosha shafti (mafundi wanaita alaimenti), na kupooza. Yote matatu yanaamuliwa siku ya kufunga mota. Tuyachukue moja moja.

Kabla ya yote: soma kibati cha mota

Kile kibati kilichobandikwa ubavuni si pambo. Kipige picha kwa simu kabla hakijafutika au kupakwa rangi. Utakuta haya:

- Kilowati (kW). Hii ni nguvu inayotoka kwenye shafti. Hosipawa moja ni takriban kilowati 0.75.
- Volti. Kwetu umeme wa njia tatu ni kama volti 400, mzunguko wa 50 kwa sekunde. Kama kibati kinasema 400/690, kwa umeme wetu mota inaungwa delta. Kama kinasema 230/400, inaungwa nyota. Ukiunga hii ya pili kwa delta kwenye volti 400, inaungua bila kuaga.
- Ampea (A). Huu ndio mpaka wa mota yako. Kwa haraka haraka, mota ndogo za njia tatu hula ampea kama 2 kwa kila kilowati. Ya kilowati 7.5 inakuja kama ampea 15.
- Mizunguko kwa dakika. Ukiona 1440 au 1450, ni mota ya kasi ya kawaida. Ukiona 2900, hiyo inakimbia mara mbili, na inahitaji unyoofu mkali zaidi.
- Herufi ya daraja la joto, mara nyingi F. Maana yake vanishi na karatasi za koili zinavumilia mpaka nyuzi joto 155 kwa ndani. Daraja B ni 130.

Andika ile namba ya ampea ukutani kwa rangi, juu ya swichi. Kila atakayekuja na klampu mita ajue anailinganisha na nini.

1. Mzigo: mota haijui kukataa kazi

Mtu akibebeshwa gunia zito kuliko uwezo wake ataliweka chini. Mota hailiweki. Ukiipa mzigo wa kilowati 9 wakati yenyewe ni ya 7.5, itavuta ampea zaidi ili iubebe. Ampea zile zinageuka joto kwenye koili. Joto linakausha vanishi, koili zinagusana, habari imeisha. Mafundi wana kanuni ya kukadiria: kila nyuzi 10 juu ya kiwango, umri wa koili unapungua kwa nusu. Kwa hiyo mota inaweza kuonekana inafanya kazi vizuri leo na huku inajimaliza.

Sasa, kosa langu la Kilolo lilikuwa hapa. Nilidhani mwinuko ukipungua, pampu inapumzika. Kwa pampu hizi tunazotumia wengi, za impela inayozunguka ndani ya kombe, ni kinyume. Ukiondoa mlima, hakuna kinachozuia maji, yanapita mengi mno, na pampu inavuta nguvu nyingi kuliko ilivyokuwa inavuta ikipandisha kilimani. Tulipokuja kupima na fundi, mota ya ampea 15.2 ilikuwa inavuta 19. Tulipofunga valvu ya kutolea maji kidogo kidogo, maji yakapungua na ampea zikashuka pamoja nayo, mpaka tukafika 14.5. Vijana hawakuamini macho yao. Kusema kweli hata mimi.

Kwa hiyo kumbuka:

a) Pampu ya aina hii iwashe ikiwa imejaa maji na valvu ya kutolea ikiwa karibu imefungwa, halafu fungua taratibu huku mtu anaangalia ampea. Ukifika kwenye namba ya kibati, simama. Weka alama ya rangi kwenye valvu. Ila usiiache iendelee kuzunguka valvu ikiwa imefungwa kabisa, maji yatachemka ndani ya pampu.

b) Kubana valvu kunaokoa mota, lakini ni kupoteza umeme. Kama shamba la bondeni ni la kudumu, tafuta pampu inayolingana na mwinuko wake.

Hesabu ya kuchagua mota

Chukua maji unayotaka kwa saa (mita za ujazo), zidisha kwa mwinuko wote kwa mita (pamoja na kinachopotea kwenye mabomba), gawa kwa 367. Halafu gawa tena kwa ufanisi wa pampu. Mfano: unataka mita za ujazo 50 kwa saa, mwinuko mita 30. 50 × 30 = 1500. Gawa kwa 367, unapata 4.1. Pampu yenye ufanisi wa asilimia 65: 4.1 ÷ 0.65 = kilowati 6.3. Ongeza akiba ya asilimia 15, unapata 7.2. Mota zinazouzwa zinakwenda 5.5, 7.5, 11, 15, hivyo unachukua ya 7.5. Usichukue 5.5 kwa sababu ni bei nafuu. Wala usichukue 15 "ili iwe na nguvu", utalipia umeme wa kubeba mwili wake bure.

Tahadhari ya kubadilisha puli

Wenye pampu za mkanda, nawajua. Maji yakipungua mnakimbilia puli kubwa zaidi kwenye mota. Mahitaji ya nguvu ya pampu na ya feni yanapanda kwa kasi zidisha kasi zidisha kasi, yaani mara tatu. Ukitoka puli ya milimita 125 kwenda 150, kasi imeongezeka kwa asilimia 20 tu. Lakini 1.2 × 1.2 × 1.2 ni 1.73. Mzigo uliokuwa kilowati 7 sasa ni 12. Mota ya 7.5 haina namna ya kupona hapo.

Ovalodi si adui yako

Ndani ya stata kuna kile kifaa cha kukata umeme mota ikizidiwa, ovalodi. Kina kidude cha kuzungusha chenye namba. Kiweke kwenye ampea za kibati, basi. Kule Kilolo kilikuwa kinakatika kila baada ya muda, mtu akakizungusha mpaka mwisho, 18, ili "kisisumbue". Mota inavuta 19, ovalodi imewekwa 18, tofauti ndogo namna hiyo haiwezi kukata upesi. Kifaa kilikuwa kinapiga kelele ya hatari, sisi tukakiziba mdomo.

Kama stata yako ni ya nyota na delta, muulize fundi ovalodi imekaa wapi. Mara nyingi inakaa ndani ya njia ya delta, na hapo inawekwa ampea za kibati zidisha 0.58. Kwa mota ya 15.2 inakuwa kama 8.8. Ukiiweka 15.2 hapo, ni sawa na huna ovalodi.

Na usiwashe-zima-washe. Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta ampea mara 5 mpaka 7 ya kawaida kwa sekunde chache. Ukirudia mara nyingi ndani ya saa moja, joto la kuwashia peke yake linatosha kuiunguza.

2. Kunyoosha: shafti mbili zikae kama shafti moja

Mota na pampu vikiunganishwa kwa kapulingi, shafti zake zinatakiwa ziwe mstari mmoja. Zinaweza kupishana kwa namna mbili. Namna ya kwanza, moja iko juu au pembeni ya nyingine ingawa zote zimelala sawa. Namna ya pili, moja imeinama, zinakutana kwa pembe. Mara nyingi unakuta zote mbili pamoja. Watu wanasema "kapulingi ina raba, itajirekebisha". Raba inavumilia kidogo, lakini nguvu ya kujipinda inakwenda kwenye beringi na mota inatetemeka. Beringi ikifa, rota inaweza kugusa koili, na hapo umerudi kwa fundi wa kusuka.

Fuata hatua hizi. Kabla ya kugusa chochote, zima umeme, funga swichi kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako.

Hatua ya kwanza, msingi. Mota na pampu vikae kwenye fremu moja ya chuma, na fremu ifungwe kwenye zege lililokauka vizuri. Zege la jana halifungwi boliti leo. Tumia pima maji pande zote mbili.

Hatua ya pili, mguu unaoelea. Mota ina miguu minne, na kama meza mbovu, mmoja unaweza usikanyage. Kaza boliti zote, halafu legeza moja tu. Ingiza fila geji chini ya mguu huo. Ikipita ya 0.05 mm au zaidi, mguu unaelea, uwekee kibati chembamba cha unene huo. Kaza, nenda mguu unaofuata. Ukiuacha ukaukaza kwa nguvu, unalipinda kasha la mota. Na vibati viwe vya chuma au shaba, visizidi vitatu au vinne kwenye mguu mmoja. Kule Kilolo tulikuta vipande vya boksi la katoni na ubao. Ubao ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, alaimenti yako inabadilika na hali ya hewa.

Hatua ya tatu, kapulingi. Sogeza mota, usisogeze pampu, kwa sababu pampu imeshikwa na mabomba. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya vipande viwili vya kapulingi: juu, chini, kushoto, kulia. Ukiona mwanga chini ya rula, pima kwa fila geji. Kisha pima uwazi kati ya nyuso mbili za kapulingi, pia sehemu nne. Uwazi unatakiwa ulingane pande zote. Kwa mota ya mizunguko 1450 lenga kutofautiana kusikozidi 0.1 mm. Kwa ile ya 2900 lenga nusu yake. Kama kapulingi imekuja na karatasi ya mtengenezaji, fuata hiyo.

Hapa kuna hesabu ndogo itakayokuokolea nusu siku ya kubahatisha. Tuseme uwazi wa juu umezidi wa chini kwa 0.4 mm. Kipenyo cha kapulingi ni milimita 100. Umbali kutoka miguu ya mbele ya mota mpaka ya nyuma ni milimita 200. Uwazi ukiwa mkubwa juu, maana yake mota imelala nyuma, inatakiwa inyanyuliwe miguu ya nyuma. Kiasi gani? 0.4 gawa kwa 100, zidisha kwa 200, unapata 0.8 mm. Weka vibati vya 0.8 mm chini ya miguu miwili ya nyuma. Uwazi ukiwa mkubwa chini, fanya kinyume. Ukimaliza pembe, rudi kupima kimo, kwa sababu kunyanyua nyuma kunashusha kidogo upande wa kapulingi. Kwa kimo, unaweka vibati vya unene sawa miguu yote minne. Mwisho unashughulikia kushoto na kulia kwa kuigonga mota taratibu kwa nyundo ya raba.

Hatua ya nne, mabomba. Hapa ndipo wengi wanaharibu kazi nzuri. Bomba likiwa fupi kwa sentimita moja, fundi analivuta kwa boliti za flanji mpaka lifike. Boliti zile zinaivuta pampu nzima. Bomba lifike lenyewe, lishikiliwe na nguzo zake, lisining'inie kwenye pampu. Ukishafunga mabomba, rudia kupima kapulingi. Ikiwa imehama, bomba linavuta.

Hatua ya tano, rudia kupima baada ya kufanya kazi siku chache, mota ikiwa imepata joto lake. Chuma kinatanuka, boliti zinakaa.

Kwa wanaotumia mkanda

Wenye mashine za kusaga, za kukata majani na pampu za mkanda, kunyoosha kwenu ni puli. Vuta uzi usoni mwa puli zote mbili. Uzi unatakiwa uguse sehemu nne: kingo mbili za puli ya mota na kingo mbili za puli ya mashine. Ukigusa tatu, kuna puli imeinama au imetoka nje. Kama kuta za puli hazina unene sawa, zingatia hilo, kinachotakiwa kulingana ni mifereji.

Kukaza: kwa mkanda wa V, bonyeza katikati ya urefu ulio wazi. Kwa kila mita moja kati ya puli na puli, mkanda ubonyee kama milimita 16. Ukilegea unateleza, unanuka na kuungua. Ukikazwa kama gitaa, unakunja shafti na kuua beringi ya upande wa puli. Kagua tena baada ya siku ya kwanza ya kazi kwa sababu mikanda mipya inalegea. Kama inatumia mikanda mitatu na mmoja umekatika, badilisha yote mitatu. Mpya ikichanganywa na ya zamani, mpya ndiyo itakayobeba mzigo wote.

3. Kupooza: mota inapumua kwa nyuma

Mota nyingi tulizo nazo zimefunikwa kabisa, na nyuma kuna feni ndani ya kifuniko chenye matundu. Feni inavuta hewa kwa nyuma na kuipuliza kupita kwenye yale mapezi ya mwili wa mota. Hiyo ndiyo njia pekee ya kutoa joto. Ukiiziba, ni kama kumfunika mtu pua huku unamkimbiza.

Yazingatie haya unapofunga:

- Acha nafasi nyuma ya feni. Kwa mota za ukubwa wetu, mimi nashauri isipungue sentimita 30 mpaka ukutani, na hewa moto iwe na pa kutokea. Isiwe hewa ile ile inazunguka na kurudi.
- Banda ndiyo, boksi hapana. Mota inahitaji paa la kuikinga na jua na mvua, lakini kuta ziwe za wavu au nondo, upepo upite. Boksi la bati juani, saa saba mchana, linageuka oveni. Mota nyingi zimetengenezwa kwa hewa isiyozidi nyuzi joto 40. Ndani ya lile boksi la Kilolo ilikuwa inapooza joto lake kwa joto lake. Kama unaogopa wezi, tumia nondo na kufuli.
- Safisha mapezi. Vumbi la unga kwenye mashine, mavumbi ya pumba, tope la mto, vyote vinaivalisha mota koti. Tumia brashi kavu kila wiki, umeme ukiwa umezimwa. Usipake rangi juu ya rangi, na usiimwagie maji kuipooza. Maji ya ghafla juu ya chuma cha moto yanaweza kuleta ufa, na yakiingia kwenye boksi la nyaya ni hatari kwako.
- Usianike magunia juu yake. Nasema kwa sababu nimeona.
- Hakikisha kifuniko cha feni kipo na feni yenyewe haijavunjika mapanga.

Kwa wenzetu wa nyanda za juu: mota za kawaida zimepangiwa mpaka mita 1000 juu ya usawa wa bahari. Iringa mjini, Njombe, Mbeya, Arusha, sote tuko juu ya hapo. Hewa ya juu ni nyepesi, inabeba joto kidogo. Bahati nzuri pia ni ya baridi, hivyo mota iliyo kivulini penye upepo mara nyingi haidhuriki. Ila ukiifungia kwenye chumba cha moto, unapoteza ile nafuu ya baridi na unabaki na hewa nyepesi. Kama itafanya kazi ya uzito wote kutwa nzima, muulize muuzaji jedwali la kupunguza nguvu kwa mwinuko.

Wanaotumia kifaa cha kubadili kasi, hasa kwenye pampu za sola: feni iko kwenye shafti ile ile. Ukipunguza mota mpaka nusu kasi, feni nayo inazunguka nusu. Kwa pampu si tatizo kubwa kwa sababu mzigo nao unashuka sana. Kwa mashine ya kusaga au mkanda wa kubebea magunia, mzigo unabaki vilevile na upepo umepungua. Hapo inahitajika feni ya pembeni yenye umeme wake.

Na pampu za kuzamisha zinapozwa na maji yanayopita ubavuni mwa mota. Ukiitumbukiza kwenye bwawa au kisima kipana, maji yanaingia kwenye pampu bila kupita kwenye mota. Ivalishe bomba la nje ili maji yalazimike kupita chini kwanza.

Swali ninaloulizwa sana: "Nikiigusa ni ya moto sana, imezidiwa?" Mkono hautoshi kupima. Mota nzima yenye mzigo wa kawaida inaweza kufika nyuzi 70 au 80 kwa nje, hutaweza kuweka kiganja. Amini klampu mita. Ila kama leo ni ya moto kuliko wiki iliyopita kwa kazi ile ile, tafuta sababu.

Umeme wenyewe ukiwa mbaya

Ukishafanya yote hayo, pima volti za njia zote tatu mota ikiwa kazini. Tuseme umepata 400, 392 na 378. Wastani ni 390. Iliyo mbali zaidi ni 378, tofauti 12. 12 gawa kwa 390 ni kama asilimia 3. Ionekane ndogo? Kanuni ni kwamba ongezeko la joto linakuwa kama mara mbili ya namba hiyo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe: 3 × 3 × 2, karibu asilimia 18. Lenga isizidi asilimia 1. Ikifika 5, usiiendeshe.

Njia moja ikikatika kabisa, mota inaguna, inavuta kwa njia mbili zilizobaki, na inaungua kwa dakika chache. Nunua kifaa cha kulinda njia ikikatika. Ni bei ndogo kuliko kusuka mota mara moja.

Siku ya kuwasha, fuata orodha hii

1. Fundi apime koili kwa mega ya volti 500. Chini ya megaohmu 1, usiwashe kabisa. Mota nzuri kavu husoma juu zaidi ya hapo kwa mbali.
2. Waya wa ardhini umefungwa kwenye mwili wa mota na kwenye fremu.
3. Zungusha shafti kwa mkono. Izunguke laini.
4. Washa na kuzima mara moja kabla ya kufunga kapulingi, uone inazunguka upande wa mshale wa pampu. Ikienda kinyume, fundi abadilishane nyaya mbili kati ya tatu.
5. Kinga ya kapulingi au mkanda imefungwa. Shati, kanga au kilemba kikinaswa hapo hakuna muda wa kuzima.
6. Pampu imejaa maji, valvu ya kutolea karibu imefungwa.
7. Washa, fungua taratibu, pima ampea njia zote tatu, andika kwenye daftari na tarehe.
8. Pima tena baada ya saa moja, na baada ya wiki.

Kazi ya nyaya mwachie fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Lakini kusoma kibati, kupima kapulingi kwa rula na kuandika ampea ni kazi yako wewe mwenye shamba. Fundi anarudi kwake jioni, nyanya zinabaki kwako.

Wale vijana wa Kilolo walipoteza sehemu kubwa ya msimu ule. Msimu uliofuata walifunga upya: zege, vibati vya chuma, banda la nondo, alama ya rangi kwenye valvu, na baadaye pampu ndogo ya bondeni. Nilikuwepo siku ya kuwasha, nikawaomba radhi kwa ushauri wangu wa kwanza. Mmoja akanijibu, "Bwana shamba, sasa tuandikie na wenzetu." Ndiyo hii.

Kagueni mota zenu wiki hii kabla jua halijakolea. Tukutane shambani.